Wilaya inafungua shule mpya na mipaka inachorwa upya: mzazi abishanie nini?

#1 Mama Wawili

Wakuu, salaam. Hii ni kwa walioko Marekani wenye watoto kwenye shule za umma, na yeyote mwingine anayejua mambo haya.

Wilaya yetu ya shule imefurika. Upande tunaokaa, si zamani sana palikuwa mashamba, sasa ni nyumba mpya kila ukigeuka. Wanafungua shule mbili kwa mpigo, moja ya msingi na moja ya kati, na mipaka ya shule zote za jirani inachorwa upya. Zimetolewa rasimu tatu za ramani. Kwenye A tunabaki tulipo. Kwenye B mkubwa anahama. Kwenye C wanahama wote wawili, tena kwenda jengo ambalo bado linapigwa plasta. Majirani wameshachapisha fulana za rangi moja na kundi la WhatsApp halilali.

Mkutano wa kusikiliza wazazi unakuja na kila mmoja anapewa dakika mbili. Nikishika kipaza sauti niseme nini kitakachosikika? Maana "msiwahamishe wanangu" kila mtu atasema.

#2 Mbishi wa Hoja

Usijisumbue mama. Wameshaamua. Mikutano ile ni ya kupoza watu tu. Vaa fulana, piga picha, rudi nyumbani.

#3 Kipima_Eneo

Dada, nimefanya kazi ofisi ya mipango ya wilaya moja ya shule na kazi yangu ilikuwa ramani hizo hizo, kwa hiyo nivumilie kwa urefu.

Mbishi hajakosea kabisa. Ramani ikishafika mbele ya wazazi, kuibomoa yote ni shughuli. Lakini kingo zake zinasogea, tena kuliko watu wanavyodhani. Mitaa inayofanikiwa kuusogeza mstari ni ile iliyokuja na hoja ambayo mjumbe wa bodi ya shule za wilaya anaweza kuisoma kwa sauti siku ya kura bila kuona haya. Machozi hayaandikiki kwenye muhtasari wa kikao.

Kwanza ujue ramani inavyotengenezwa. Wilaya nzima hukatwa vitalu vidogo vidogo. Kitalu kimoja ni mtaa au kipande cha mtaa kilichozungukwa na barabara kubwa, mto au reli. Kila kitalu kina namba yake, na nyuma ya namba kuna idadi ya watoto kwa kila darasa. Kuchora mpaka ni kuhamisha vitalu kutoka shule hii kwenda ile huku kompyuta ikijumlisha upya. Basi. Ukisimama ukataja jina la mtaa tu bila namba ya kitalu, wanapata kazi hata ya kuandika ulichosema.

Pili, makadirio. Ramani nyingi zinaharibikia hapa kabla mstari haujachorwa. Njia ya kawaida ni kufuata rika: unatazama watoto waliokuwa darasa la pili mwaka jana na waliopo darasa la tatu mwaka huu, unapata uwiano, unachukua wastani wa miaka kadhaa. Walikuwa 100, sasa 106, maana yake familia zinahamia. Uwiano huo unausukuma mbele miaka 5 au 10. Darasa la awali halina rika la nyuma, kwa hiyo hutazamwa idadi ya waliozaliwa miaka mitano kabla. Kwa mtaa uliotulia njia hii ni nzuri. Kwa wilaya inayokua inadanganya, kwa sababu nyumba ambayo haijajengwa haina historia.

Ndiyo maana wanaongeza hesabu nyingine: kila aina ya nyumba inaleta wanafunzi wangapi. Tuseme nyumba ya kujitegemea inaleta wastani wa watoto 0.4 wa shule ya msingi, na nyumba ya ghorofa ya kupanga 0.15. Mradi wa nyumba 600 za kujitegemea utaleta watoto 240. Hiyo ni karibu theluthi ya shule yenye nafasi 750, kutoka kwa mjenzi mmoja! Sasa aliyepiga hesabu akitumia 0.3, watoto 60 wanatokea ambao hakuna aliyewategemea. Hapo ndipo unapoona madarasa ya kuhamishika yanashushwa uwanjani kabla hata nyasi hazijashika.

Na wastani huo hautulii. Mtaa mpya huja na watoto wadogo. Wanajaza shule ya msingi, miaka inapita wimbi linahamia shule ya kati, halafu sekondari, kisha wazazi wanabaki kwenye nyumba zile zile watoto wakiwa wameshaondoka. Shule ya msingi iliyokuwa inafurika inaanza kupwaya huku wilaya hiyo hiyo ikijenga nyingine dakika kumi mbele, kwenye mtaa mpya zaidi.

Kwa hiyo ramani inayoijaza shule mpya siku ya kwanza ni ramani ya kuchorwa tena. Shule iliyo katikati ya ujenzi inatakiwa ifunguliwe ikiwa na nafasi wazi za kutosha, hata kama wazazi wa upande wa pili watapiga kelele "yetu imebanana na ile iko nusu". Kelele hizo zinajibika. Kisichojibika ni kumhamisha mtoto yule yule mara mbili ndani ya shule ya msingi.

Usibishane na mstari, dada. Bishana na mambo mawili: vigezo vimepangwa kwa mpangilio gani, na nani anahama lini. Mstari unazaliwa na hayo.

#4 Mama Wawili

Asante sana kaka, nimesoma mara mbili. Vigezo vipo kwenye barua: nafasi shuleni, umbali, kutogawa mitaa, mchanganyiko wa wanafunzi, uthabiti (kutowahamisha watoto mara kwa mara), gharama za usafiri. Vyote vimeandikwa kuwa "vitazingatiwa".

#5 Kipima_Eneo

"Vitazingatiwa" ndipo wanapojifichia. Vigezo hivyo vinagombana vyenyewe kwa vyenyewe.

Ukitaka kila mtoto aende shule ya karibu, utapata shule moja ina asilimia 115 ya uwezo wake na nyingine 70, kwa sababu majengo yalisimamishwa ardhi ilikopatikana, si watoto waliko. Ukitaka kusawazisha nafasi, kuna watoto watapita mbele ya shule moja kwenda nyingine. Ukitaka watoto wote wa shule moja ya msingi waende shule moja ya kati wakiwa pamoja, mpaka wa shule ya kati unaufunga ule wa shule ya msingi, na ukigusa mmoja umegusa yote. Hilo la mwisho nalo lina ubaya wake usiosemwa sana. Kugawa shule ya msingi nusu kwa nusu kwenye shule mbili za kati si msiba, kila upande unaenda na kundi. Msiba ni pale watoto 12 wa kitalu kimoja wanapokatwa peke yao na kutupwa shule ya kati ambayo hawamjui mtu. Kwenye ramani ni kipembe kidogo tu. Angalia kama kitalu chenu ni kipembe.

Bodi isiposema kipi cha kwanza, kila mstari unapata kigezo cha kuutetea baada ya kuchorwa. Muulize mwenyekiti hadharani: nafasi na umbali vikigongana, kipi kinashinda? Jibu lolote atakalotoa litamfunga.

#6 Usukani

Niongeze la mabasi, ndiyo kazi yangu.

Watu wanatazama ramani kwa maili. Sisi tunatazama kwa dakika, na kwa upande wa mlango. Mlango wa basi uko kulia. Kwenye barabara pana mtoto havushwi kuja kupanda. Napita upande mmoja nachukua, nakwenda mbele nageuza, narudi upande wa pili nachukua tena. Mtaa mmoja, vituo viwili, dakika saba zimeondoka.

Halafu basi moja halibebi shule moja. Asubuhi naanza na sekondari, nikishusha narudi kuchukua wa shule ya kati, nikishusha hao naenda kwa wadogo. Kengele za shule zimepishanishwa makusudi ili basi lile lile lizunguke mara tatu. Sasa mtu wa ramani akisogeza vitalu viwili, mzunguko wangu wa kwanza ukaongezeka dakika kumi na mbili, wa tatu wanachelewa kengele. Wilaya itafanya nini? Ama iongeze basi na dereva, na madereva hawapatikani, ama isogeze saa ya kuanza shule. Unakuta wazazi wa upande mwingine kabisa, ambao hawakuwa hata kwenye ramani, wanaambiwa sekondari itaanza mapema zaidi, na hakuna anayewaeleza kwa nini.

Jambo lingine ni barabara kubwa. Wapo watoto ninaowabeba wanaoiona shule yao kutoka dirishani kwao. Katikati kuna njia sita za magari na hakuna daraja la miguu. Hawaruhusiwi kuvuka, wanapanda basi, linazunguka hadi taa za mbele na kurudi. Barabara ile ikifanywa mpaka, watoto hao wataenda shule iliyo mbali zaidi ila hawavuki kitu. Wazazi watasema wameporwa shule ya karibu. Mimi nachagua barabara iwe mpaka, kila siku.

Mama, uliza kama ramani zote tatu zimepitiwa na ofisi ya usafiri, au ni za ofisi ya mipango peke yake. Jibu linaweza kukushangaza.

#7 Kipima_Eneo

Uliza. Nakazia.

#8 Dalali_Mstaarabu

Mimi nauza nyumba, niseme lile ambalo watu wanalizunguka. Fulana nyingi za rangi moja zinahusu bei.

Mwaka 1999 mchumi Sandra Black alichapisha utafiti wa vitongoji vya Massachusetts. Alilinganisha nyumba zilizo pande mbili za mpaka wa shule za msingi: wilaya moja, mazingira yale yale, tofauti ni mstari tu. Alikuta alama za mtihani za shule zikiwa juu kwa asilimia 5, bei ya nyumba iko juu kwa asilimia 2 na kidogo. Mstari mtupu. Kwa hiyo mtu akisimama na kusema "msiigawe jamii yetu", msikilize, ila sikiliza na kile asichokisema.

Na nawaambia wateja wangu wote: hakuna hati ya nyumba inayokupa shule. Unanunua kuta na kiwanja. Mpaka wa shule ni uamuzi wa bodi, na bodi ikipiga kura unabadilika, nyumba ikibaki pale pale. Tangazo la nyumba likikwambia "shule fulani", piga simu wilayani uthibitishe kwa anwani yako, tena uulize kama kuna shule inajengwa karibu.

#9 Mbishi wa Hoja

Afadhali dalali amesema. Sasa tumalizie: ni rangi na kipato. Hizo "nafasi" na "uthabiti" ni maneno ya heshima. Ukitazama nani anahamishwa kila mara utakuta ni wale wale waliopanga kwenye maghorofa.

#10 Chaki Nyeupe

Mbishi, hapo sikupingi. Mimi ni mwalimu, na nakubali kwamba wapangaji huhamishwa kirahisi kwa sababu hawana muda wa kuja kwenye mikutano ya jioni. Ila historia ya nchi hii kwenye jambo hili ina kona nyingi na inafaa kuzijua kabla ya kupiga kelele.

Chukua Charlotte, North Carolina. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Swann dhidi ya Charlotte-Mecklenburg, ilikubali watoto wasafirishwe kwa mabasi na mipaka ichorwe kwa kuchanganya weusi na weupe, hata kuunganisha mitaa isiyopakana. Ikaendeshwa hivyo kwa takriban miaka thelathini. Baadaye mahakama zikasema wilaya imeshatimiza wajibu, na kuanzia mwaka wa masomo wa 2002 mipaka ikarudi kuwa ya mtaani. Wachumi watatu, Stephen Billings, David Deming na Jonah Rockoff, wakafanya jambo la maana: wakawatazama watoto waliokuwa wakiishi mtaa mmoja, wakatenganishwa na mipaka mipya. Matokeo yao yalichapishwa 2014. Waliopangiwa shule zenye wanafunzi wengi zaidi wa jamii za wachache walipata alama za chini, weupe na wasio weupe sawasawa, na wavulana wa jamii hizo za wachache waliingia zaidi kwenye uhalifu. Halafu kuna kipande ambacho watu huruka wakinukuu: wilaya ilipomwaga fedha na walimu zaidi kwenye shule zilizoathirika, pengo la kimasomo kwa watoto wadogo lilipungua. Uhalifu haukupungua.

Kwa hiyo mstari una uzito. Ila bajeti inayofuata mstari nayo ina uzito, na kwenye mikutano hii siwasikii wazazi wakiulizia bajeti.

Wake County, huko huko North Carolina, wana kisa kingine. Wilaya ile ilikuwa inakua kwa kasi ya ajabu. Mwaka 2000 waliacha rangi wakatumia kipato: wakalenga shule yoyote isizidi asilimia 40 ya wanafunzi wanaopata chakula cha bure au cha bei nafuu. Kwa kuwa wilaya inakua, kila shule mpya ilihitaji watoto wahamishwe ili kutimiza lengo hilo. Wazazi wakachoka kuhamishwahamishwa. Uchaguzi wa bodi wa 2009 ukabadilisha upepo, na 2010 bodi mpya ikaifuta sera. Mimi naiona hivi: sera ile haikuuawa na wapinzani wa mchanganyiko peke yao. Waliisaidia kufa wale walioufanya mchanganyiko na kuhama mara kwa mara vionekane ni kitu kimoja.

#11 Mgeni Jukwaani

Mwalimu, si ile hukumu ya 2007 ilikataza haya mambo? Naona watu wanaitaja kila mahali.

#12 Chaki Nyeupe

Ilikataza nusu. Kesi ilihusu Seattle na Louisville. Mahakama ilisema wilaya isimpangie mtoto mmoja mmoja shule kwa kutazama rangi yake. Lakini Jaji Anthony Kennedy, ambaye kura yake ndiyo iliyoamua, aliandika kwamba wilaya bado inaweza kuchagua mahali pa kujenga shule na kuchora mipaka ikijua mitaa ilivyo. Kipato hakikuguswa.

Ila usisahau ile ya 1974, Milliken dhidi ya Bradley, ya Detroit. Hiyo ilizuia kuvusha watoto kati ya wilaya na wilaya kama wilaya ya pili haikuhusika na ubaguzi. Ndiyo maana ugomvi wote huu unabaki ndani ya wilaya. Mwenye uwezo akichukia ramani anahamia wilaya ya jirani, na hakuna ramani inayomfuata huko.

#13 Mbishi wa Hoja

Sawa, hayo ya zamani. Siku hizi kuna waliothubutu?

#14 Kipima_Eneo

Howard County, Maryland, 2019. Nayo ni wilaya iliyokua, shule nyingine zimejaa na nyingine zina nafasi. Msimamizi wao mkuu wakati huo, Michael Martirano, alipendekeza kuhamisha zaidi ya wanafunzi 7,000, akitaka kusawazisha nafasi na pia idadi ya watoto wa kipato cha chini. Maandamano yakawepo, mikutano ikajaa. Mwezi Novemba bodi ikapitisha mpango wa zaidi ya 5,000. Tazama namba hizo mbili utaelewa nilichosema kuhusu kingo kusogea. Mpango haukufa, ila watoto kama 2,000 waliondoka kwenye orodha kati ya rasimu na kura. Hiyo ndiyo kazi ya mikutano, Mbishi.

Wake nayo ina funzo jingine la wilaya inayokua. Pamoja na kuchora upya walijaribu kuzifanya baadhi ya shule ziendeshwe mwaka mzima kwa zamu: wanafunzi makundi manne, matatu yako darasani, moja liko likizo. Jengo lile lile linabeba theluthi zaidi. Wazazi walikwenda mahakamani wakitaka kwanza waombwe ridhaa, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema ridhaa yao haihitajiki. Kisheria wilaya ikashinda. Kisiasa, bodi ilibadilika mwaka huo huo.

#15 Chaki Nyeupe

Mama Wawili, nikutoe kidogo kwenye ramani, nikuambie mtoto anakuta nini shule ikifunguliwa, maana nimefundisha kwenye moja tangu siku ya kwanza.

Mkuu wa shule huteuliwa mapema na huchagua walimu wake mwenyewe. Hilo ni zuri: unapata watu waliotaka kuja. Mwaka wa kwanza kila kitu kinabuniwa, kuanzia rangi za shule hadi foleni ya magari jioni, na ile foleni kwa wiki za mwanzo ni vurugu tupu. Maktaba ina rafu nyingi kuliko vitabu. Bendi ina watoto tisa na hakuna anayepuliza tuba. Sekondari mpya mara nyingi hufunguliwa bila darasa la mwisho, kwa hiyo timu zao zinacheza na vijana wakubwa na zinafungwa kila wiki. Watoto wanazoea. Wazazi ndio wanaochelewa kuzoea.

Ninachokuomba ukiulizie ni huduma maalumu. Darasa la watoto wenye ulemavu, la wanaojifunza Kiingereza, la lugha mbili: hayo hayapo kila shule. Mpaka ukihama, darasa lenyewe laweza kubaki shule ya zamani au likahamishwa kwenda ya tatu. Mtoto aliyepangiwa huduma kwa mpango wa maandishi lazima aipate popote aendapo, ila "popote" huko kunaweza kuwa basi jingine na shule tofauti na ya ndugu yake.

#16 Mama Wawili

Wanangu hawana hilo lakini jirani yangu analo, nitamwambia. Sasa hili la kumalizia. Barua inasema walio darasa la mwisho "wanaweza kuomba kubaki". Hiyo ikoje?

#17 Kipima_Eneo

Hapo ndipo ningetumia nusu ya dakika zako mbili.

Wilaya nyingi humruhusu mtoto wa mwaka wa mwisho amalizie shule aliyoanza. Nyingine zinaongeza na wa mwaka wa kabla ya mwisho, nyingine zinamruhusu mdogo wake abaki naye, nyingine hapana. Kila ukiongeza ruhusa, shule ya zamani inachelewa kupungua na mpya inachelewa kujaa, kwa hiyo ofisi ya mipango haizipendi. Lakini swali kubwa ni moja: wanaobaki wanapewa basi? Mara nyingi hawapewi. Haki ya kubaki bila basi ni haki ya mwenye gari na ajira inayomruhusu kutoka saa tisa. Anayefanya kazi kwa zamu ameandikiwa ruhusa asiyoweza kuitumia, halafu takwimu zinaonyesha kuwa "familia za kipato cha chini hazikuomba".

Kuna kundi linalolindwa na sheria ya nchi nzima: watoto wasio na makazi ya kudumu, chini ya sheria ya McKinney-Vento ya 1987. Wanaweza kubaki shule waliyokuwa wakisoma, na usafiri ni juu ya wilaya. Wengine wengi wanategemea huruma ya bodi.

#18 Mbishi wa Hoja

Na wanaotumia anwani ya shangazi ili wasihamishwe je?

#19 Usukani

Basi linawajua. Mtoto ambaye kila Ijumaa anaomba ashukie kituo kingine, dereva anajua anakolala. Hatuulizi.

#20 Mama Wawili

Wakuu, nimefuata ushauri. Nimeandika wilayani nikaomba makadirio ya kila shule chini ya ramani zote tatu. Wamenitumia kiambatisho, na kumbe kilikuwa kwenye tovuti muda wote, ukurasa wa mwisho kabisa. Someni wenyewe:

Ramani A, shule yetu ya msingi: mwaka wa kwanza asilimia 97 ya uwezo, mwaka wa nne asilimia 118. Ramani C: shule yetu 81, halafu 95, ile mpya inaanza na 68 na kufika 93 mwaka wa nne.

Yaani A, ambayo mtaa mzima unaipigania, inatubakiza sasa na kutuhamisha miaka mitatu ijayo, wakati mwanangu mdogo yuko darasa la nne. Nimeweka kwenye kundi. Wawili wamenijibu kwa alama ya hasira na mmoja ameniuliza natumwa na nani.

#21 Dalali_Mstaarabu

Hahaha. Karibu kwenye siasa.

#22 Mgeni Jukwaani

Hiyo 118 imehesabu na zile nyumba ambazo hazijaanza kujengwa? Kama ni zile zenye kibali tu, itakuwa mbaya zaidi.

#23 Mama Wawili

Kuna maelezo madogo chini: "miradi iliyoidhinishwa pekee". Kuna mradi mkubwa kaskazini kwetu ambao bado unajadiliwa na mji. Haumo.

#24 Kipima_Eneo

Basi hoja yako umeshaipata na hakuna mwingine ukumbini atakayekuwa nayo. Andika tuione.

#25 Mama Wawili

Nimejaribu:

"Ninaishi kitalu namba (nitaijaza). Kwa makadirio yenu wenyewe, ramani A inaiacha shule yetu na asilimia 118 mwaka wa nne, bila kuhesabu mradi wa kaskazini. Naomba mambo matatu. Moja, kabla ya kura, bodi iseme vigezo vyake kwa mpangilio, cha kwanza hadi cha mwisho. Mbili, kitalu kitakachohamishwa safari hii kisiguswe tena kwa miaka mitano. Tatu, watakaoruhusiwa kumalizia shule zao wapewe basi, la sivyo ruhusa hiyo ni ya wachache. Wanangu wana marafiki wanaowapenda na wataumia kuwaacha. Ila kuachishwa marafiki mara moja ni afadhali kuliko mara mbili. Naunga mkono ramani C."

#26 Mbishi wa Hoja

Sentensi ya marafiki usiitoe. Hiyo peke yake ndiyo wataikumbuka wakifika nyumbani.

#27 Kipima_Eneo

Iache, nakubaliana na Mbishi kwa mara ya kwanza. Ninachokitoa mimi ni "naunga mkono ramani C". Bodi mara nyingi huishia kwenye ramani ya nne ambayo haijachorwa bado, iliyochanganywa kutoka hizi tatu. Ukijifunga na herufi, hoja zako zinazikwa nayo. Ukifunga hoja kwenye miaka mitano na asilimia 118, zinaingia kwenye ramani yoyote watakayoleta. Sema badala yake: "Ramani yoyote mtakayoipitisha itimize haya matatu."

La pili, huo mradi wa kaskazini. Usiseme "haumo" tu. Ofisi ya ardhi ya mji ina idadi ya nyumba zinazoombewa kibali, ni taarifa ya umma. Ipate, izidishe kwa kiwango kile kile ambacho wilaya imetumia kwenye kiambatisho, uwape jibu. Wakibisha, wanabishana na kiwango chao.

Na usitegemee dakika mbili peke yake. Maelezo hayo hayo yatume kwa maandishi kwa katibu wa bodi siku chache kabla, namba ya kitalu ikiwa mstari wa juu, nakala kwa ofisi ya usafiri. Wajumbe husoma vifurushi vyao vya nyaraka za kikao mapema, wengine wanaingia ukumbini wakiwa na maswali tayari. Ukiwa umo kwenye kifurushi, kuna anayeweza kukuita kwa jina.

#28 Usukani

Na ukikuta ofisi ya usafiri imepitia ramani, omba dakika za mzunguko mrefu kuliko wote kwenye kila ramani. Wanazo.

#29 Mama Wawili

Nimeandika vyote. Kesho naanza na ofisi ya ardhi.